Sura ya Saba: Kilima Kimoja, Njia Mbili

Ukitoka Voi kuelekea Taveta, matatu hukuonyesha nchi kwa mafungu. Kwanza mkonge wa Mwatate, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Kisha Bura, milima ya Wadawida ikiwa mkono wako wa kulia. Halafu nyika ya Maktau na Mbuyuni, ambako dereva hupunguza mwendo kwa kuwa tembo hajui honi. Safari inapokaribia kwisha, kilima kidogo kinachomoza peke yake karibu na barabara. Abiria wengi hawakigeukii. Kama hakuna mawingu, Kilimanjaro huwa imekwisha kuwateka macho. Kilima hicho ndicho Salaita.

Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jenerali Malleson wa jeshi la Waingereza aliamuru kilima hiki kishambuliwe moja kwa moja. Wengi wa askari wake walikuwa vijana wa Afrika Kusini waliofika nchini muda mfupi tu uliopita. Mizinga ikaanza kazi asubuhi, ikakinyeshea kilele. Lakini kikosi cha Wajerumani, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa askari Waafrika, hakikuwa kileleni. Kilikuwa kimechimba mahandaki chini, miguuni mwa kilima, kimejificha kwenye vichaka. Kufikia alasiri washambuliaji walikuwa wakirudi walikotoka, na hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea ilifika 172. Mwezi uliofuata Jan Smuts, kamanda mpya, alikiangalia kilima kilekile akaamua kukizunguka kwa kaskazini, kupitia upande wa Chala. Wajerumani walipoona wanazungukwa, wakaondoka Salaita wenyewe.

Kilima kilikuwa kimoja. Waliokisoma walikuwa wawili, na kila mmoja alikisoma kwa njia yake.

Naianza sura ya muziki kwa vita kwa sababu sijapata mfano ulio karibu zaidi na kazi ya mwongozaji wa kwaya au okestra. Karatasi ya noti imesimama pale kama kilima. Haimwambii mtu apandie wapi, aanze saa ngapi, apumzike kwenye mti gani. Hayo huamuliwa na anayeongoza, na akishaamua, wengine wote humfuata kwa miguu na kwa pafu. Anayetaka kujua mwongozaji hufanya nini hasa, basi, asimtazame akipunga mikono. Achukue kazi moja iliyorekodiwa mara mbili, asikilize rekodi ya kwanza, kisha ya pili, kisha arudie ya kwanza.

Ndivyo nilivyofanya hapo Salaita, nikiwa na spika ndogo, chupa ya chai, na mwalimu mstaafu aliyefundisha kwaya za shule kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Tulikaa kivulini mwa mgunga, kilima mbele yetu.

"Mwalimu," nilimwambia, "nataka tusikilize wimbo mmoja mara nyingi."

"Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya maisha yangu yote, mwanangu," akanijibu. "Washa."

Kwaya ya kumi na saba

Kabla sijaenda mbali, niseme neno kuhusu neno. Kwetu ukitaja kondakta, mtu anaangalia mlango wa matatu. Nami naona jina hilo halikupotea njia sana: kondakta wa matatu naye ndiye anayejua gari liondoke lini, lisimame wapi, na nani amebaki nyuma. Hata hivyo katika sura hii nitasema mwongozaji, au mwalimu wa kwaya, kama watu wa makanisa na shule wanavyosema.

Wako wanaodhani kulinganisha rekodi ni mchezo wa wazee wa Ulaya wenye kabati za santuri. Mkenya aliyepitia shule anaujua mchezo huo tangu utotoni, ila hakuupa jina. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na utaratibu wake mmoja haujafa: kwaya zote za daraja moja hupewa wimbo mmoja, na kila kwaya lazima iuimbe. Mzazi aliyekaa ukumbini kumsikiliza mtoto wake atausikia mara kumi, mara kumi na tano, mpaka auchukie. Mwamuzi aliye mezani mbele hana ruhusa ya kuuchukia. Noti ni zilezile, maneno ni yaleyale, na bado lazima aseme kwa nini shule ya tano imemgusa na ya sita imempita kama upepo.

Mwalimu alinichekesha kwa kisa chake. Mwaka mmoja kwaya yake iliitwa jukwaani saa tisa alasiri, watoto wakiwa hawajala tangu alfajiri. Waliuimba wimbo wa lazima mbio mbio ili wamalize wakale. Mwamuzi akaandika kwenye karatasi yake kwamba mwendo wa shule hiyo ulikuwa na uhai usio wa kawaida. Wakapita kwenda ngazi ya juu.

"Tangu siku hiyo," Mwalimu alisema, "nikisoma mtu akisifu mwendo wa wimbo, najiuliza waimbaji walikula nini."

Nilicheka, lakini kisa hicho kina somo ambalo wasikilizaji wengi hulikosa. Si kila tunachokisikia kwenye rekodi ni falsafa ya mwongozaji. Mengine ni njaa, ni ukumbi wenye mwangwi, ni mpiga ngoma aliyechelewa, ni upande wa santuri uliokuwa na nafasi ya dakika chache tu. Masikio mazuri hujifunza kutenganisha uamuzi na ajali. Nayo hayatenganishi kwa kusikia mara moja.

Mtu mmoja, simfonia zilezile

Huko ambako simfonia ndiyo mila, mfano unaotajwa sana ni wa Herbert von Karajan, aliyeiongoza Berlin Philharmonic kwa zaidi ya miaka thelathini. Simfonia tisa za Beethoven aliziingiza kwenye rekodi zote kwa mara ya kwanza na okestra ya Philharmonia ya London katika miaka ya 1950. Akazirekodi tena na Berlin mwaka 1961 na 1962. Akazirudia katikati ya miaka ya 1970. Akazirudia tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati teknolojia ya dijitali ilipoingia. Mtunzi alikuwa amekufa tangu 1827 na hakuongeza noti hata moja. Kwa nini basi mtu apande kilima kilekile mara nne?

Jibu moja ni biashara: kila mashine mpya ya kuchezea muziki hutaka bidhaa mpya ya kuuza. Jibu la pili ni kwamba Beethoven mwenyewe aliacha mlango wazi pale alipodhani ameufunga. Kuanzia mwaka 1817 alichapisha tarakimu za mwendo wa simfonia zake, kwa kutumia kipima mwendo kilichokuwa kimetoka kubuniwa. Tarakimu hizo ni za kasi hivi kwamba waongozaji wengi wa karne ya ishirini waliona haziimbiki, wakazipuuza. Matokeo yake ni tofauti anayoweza kuipima hata mtu asiyejua noti, akiwa na saa ya mkononi tu. Simfonia ya Tisa ambayo Wilhelm Furtwängler aliiongoza Bayreuth mwaka 1951 inachukua takriban dakika 74. Ileile mikononi mwa John Eliot Gardiner, aliyeamua kuzifuata tarakimu za mtunzi na kutumia ala za zama zake, inamalizika kwa takriban dakika 60. Dakika 14 ni muda wa kutoka Voi mjini ukaanza kuona mkonge. Hazikupotea, na hakuna ukurasa uliorukwa. Zimo ndani ya pumzi: pale mmoja alipongoja ukimya uzungumze, mwenzake alishaondoka.

Mtu anaweza pia kutofautiana na nafsi yake. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliirekodi kazi moja ya Bach, *Goldberg Variations*, mwaka 1955 akiwa kijana, akaimaliza kwa dakika 38 na ushei. Mwaka 1981, mwaka mmoja kabla hajafa, aliirekodi tena kwa dakika 51. Noti zilezile, vidole vilevile, na kati yao maisha ya mtu mzima.

Nilipomweleza Mwalimu haya, alitikisa kichwa taratibu. "Hao wote walikuwa na karatasi," alisema. "Niambie ya yule aliyepanda bila karatasi."

Ndiyo hadithi iliyonileta Taita Taveta.

Misa iliyoimbwa kabla ya kuandikwa

Mwaka 1953 padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alichukua uongozi wa shule mjini Kamina, katika Katanga, nchi ya Kiluba na ya Kiswahili cha Kikongo. Mwaka uliofuata aliunda kwaya ya wavulana wa shule pamoja na baadhi ya walimu wao, akaipa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo: Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutokana na kwaya hiyo ikazaliwa *Missa Luba*, Misa ya Kilatini iliyovaa miondoko ya Kikongo.

Namna ilivyozaliwa ndiyo habari yenyewe. Haazen hakukaa mezani akaandika noti halafu akawagawia watoto. Waliianza kwa kubuni papo hapo. Maneno ya Kilatini yalikuwa yamewekwa na Kanisa, hayaguswi. Lakini sauti za kuyabeba zilitoka kwenye nyimbo ambazo wavulana na walimu wao walizijua nyumbani. Katika Bwana Utuhurumie mnasikika *kasala*, mtindo wa Waluba wa kuomboleza na kusifu. Mtakatifu umejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Katika Nasadiki, pale Kristo anaposulubiwa, unaingia mlio wa kutangaza msiba. Sauti ya mwimbaji kiongozi katika rekodi ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule hiyohiyo.

Misa hiyo iliadhimishwa Kamina mwezi Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilizunguka Ulaya, ikafika kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikauza santuri yake. Kumbuka tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulifunguliwa mwaka 1962, na waraka wake uliofungua mlango wa lugha za watu katika ibada ulitoka Desemba 1963. Kamina ilitangulia. Ndiyo maana maneno ni ya Kilatini ilhali ngoma ni ya Kiluba: mwili ulikuwa umekwisha kufika mahali ambapo sheria bado ilikuwa njiani.

Santuri ikatembea kuliko waimbaji. Pier Paolo Pasolini aliuchukua Utukufu wake akauweka katika filamu yake ya Injili ya Mathayo mwaka 1964. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliuweka Mtakatifu katika filamu *if....*, ambamo kijana wa shule ya bweni ya Uingereza anauchezesha tena na tena chumbani kwake. Wimbo wa kuagana wa Waluba ukawa wimbo wa uasi wa watoto wa matajiri wa Kiingereza.

Na hapa ndipo utata ulipo. Beethoven aliandika kwanza, akarekodiwa baada ya kufa. *Missa Luba* ilirekodiwa kwanza, ikaandikwa noti baadaye, kwa kuisikiliza rekodi. Yale ambayo Ngoi aliyaimba siku ile kwa sababu pumzi yake ilimtuma hivyo, yakachapishwa kama agizo. Laiti wangeirekodi Jumanne badala ya Jumatano, kilima kingekuwa na umbo jingine. Rekodi ya kwanza iligeuza uamuzi wa siku moja ukawa sheria, na dunia nzima ikaamini kwamba ndivyo wimbo ulivyo.

Mwana wa Taita na sheria ya wengine

Mwaka 1990 Philips ileile ilitoa *Missa Luba* nyingine. Waliokuwa wakiimba walikuwa Muungano National Choir ya Kenya, na aliyewaongoza alikuwa Boniface Mganga, mwanamuziki ambaye watu wa Voi walikuja kumjua pia kama mbunge wao.

Fikiria alichokuwa nacho mezani. Kazi ya watu wa Kongo, iliyobuniwa na watoto na walimu wao, iliyogandishwa na mashine, iliyoandikwa kutoka kwenye mashine, na ambayo kila mpenzi wa muziki duniani alikuwa ameizoea kwa sauti moja tu. Njia ya kwanza iliyokuwa mbele yake ni kuiga: awafundishe waimbaji wake kupanda na kushuka pale pale alipopanda Ngoi. Hiyo ni heshima, lakini ni heshima ya kasuku. Njia ya pili ni kubuni upya kabisa, kama walivyofanya Kamina, na kumwachia mnunuzi ajiulize kama alichokinunua ni *Missa Luba* au jina lake tu.

Tulisikiliza zote mbili pale Salaita, Mtakatifu kwanza, kwa kupokezana. Kitu cha awali kinachogonga sikio ni umri. Kamina ni sauti za watoto wa kiume juu ya sauti za walimu wao, na sauti za watoto zina ncha: zinachoma hewa, hazijajua kujizuia. Muungano ni wanawake na wanaume watu wazima. Sauti ya kwanza ya wanawake ni ya duara, ina nyama, inaingia taratibu na kutoka taratibu. Hapo Mganga hakuwa na la kufanya. Hakuwa na watoto wa Kamina. Ila alichofanya na watu wazima wake ni uamuzi, na unasikika: amezipanga sauti nne zikae kama matofali, kila moja ikiibeba ya juu yake. Rekodi ya 1958 unaisikia kama kundi la watu waliojikuta wakiimba pamoja. Ya 1990 unaisikia kama jengo.

Kitu cha pili ni ngoma. Mwalimu ndiye aliyenionyesha. "Acha kusikiliza maneno," alisema. "Fuata ngoma peke yake, kama unayemfuata mtu sokoni." Nikafanya hivyo. Katika rekodi ya zamani ngoma iko pamoja na kwaya, imechanganyika nayo kama chumvi. Hujui inaanzia wapi. Katika rekodi ya Muungano, pamoja na usafi wa mitambo ya 1990, ngoma imesimama mahali pake na unaweza kuinyooshea kidole. Sehemu ya tofauti hiyo ni kazi ya vinasa sauti. Lakini sehemu yake ni masikio ya Mkenya aliyekulia mahali ambapo ngoma na kanisa vilichukua muda kupatana.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliifungua misheni ya Bura mwaka 1892. Kilatini kimeimbwa kwenye milima hii kwa miaka ipatayo sabini kabla ya Mtaguso. Muda wote huo ngoma za *mwazindika*, ambazo Wadawida huwapigia wenye pepo, zilikuwa zikilia usiku upande wa pili wa kilima. Mtu wa huku alijua kusali kwa sauti moja na kucheza kwa nyingine, na akajua kuziweka mbali. Nikimsikia mwongozaji wa Taita akiipa ngoma kiti chake ndani ya Misa, kiti kinachoonekana, huwa siwezi kuamini kwamba ni mitambo tu.

Kitu cha tatu ndicho kilichotukalisha mpaka jua likaanza kushuka: uhuru wa mwimbaji kiongozi. Ngoi anaimba kama mtu anayetafuta njia, na kwaya inamjibu kama watu wanaomwona akiitafuta. Kuna hatari ndani yake. Sekunde fulani hujui atatua wapi. Mwimbaji wa Muungano anaijua njia. Ameshapita. Kwa sikio linalopenda hatari, rekodi ya 1990 ina hasara hapo. Kwa sikio linalopenda sala, huenda ina faida: msikilizaji anaacha kuwa na wasiwasi juu ya mwimbaji na anaanza kuyasikia maneno.

Nilimuuliza Mwalimu angempa nani alama nyingi. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza mtoto yupi wa kuchinjwa.

"Wa Kamina walikuwa wanazaa," alisema. "Huyu wetu alikuwa analea. Mzazi na mlezi huwapi mtihani mmoja."

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho wengi hukipita. Santuri ya Kamina haikuwa na Misa peke yake. Upande wa pili ilikuwa na nyimbo za kienyeji za Kongo. Rekodi ya Muungano nayo, baada ya Misa, inaendelea na nyimbo za kiasili za Kenya. Mganga alikuwa amekielewa kitu cha msingi kuliko noti: kwamba Misa ile haikuanguka kutoka mbinguni, ilichipuka kwenye nyimbo za nyumbani, na anayeiimba upya inampasa aonyeshe nyumba yake mwenyewe. Hakuweza kuwa Mluba. Aliweza kuonyesha kwamba naye ana kwao.

Ndilo jambo ambalo nimekuja kuamini kuhusu rekodi ya pili ya kazi yoyote. Ya kwanza hutuambia wimbo uko hivi. Ya pili hutukumbusha kwamba ulikuwa hivyo kwa sababu mtu fulani, siku fulani, aliamua. Bila ya pili, ya kwanza hubaki amri isiyo na mwenyewe.

Malaika anayebadilisha mabawa

Kaunti hii ina mtoto mwingine ambaye habari yake imekwenda kinyume. Fadhili William alizaliwa Taita mwaka 1938, na jina lake la ukoo, Mdawida, ni jina la kabila lake zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliurekodi *Malaika* na Jambo Boys, na baadaye jina lake likafungamana na studio ya Equator Sound ya Nairobi. Alifariki Februari 2001. Nani hasa aliutunga wimbo huo ni kesi isiyokwisha. Wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika kwamba aliutunga miaka mingi kabla. Sitajaribu kuikata hapa. Kinachonihusu ni kwamba, tofauti na *Missa Luba*, rekodi ya kwanza ya *Malaika* haikupata kuwa sheria kwa mtu yeyote.

Fadhili anaimba kama kijana aliyeegemea ukuta, gita likimsindikiza kwa upole, aibu ya kukosa mahari ikiwa karibu kuwa mzaha. Mwaka 1965 Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika santuri yao ya pamoja, na hapo mzaha ukaisha. Kila neno linaachiwa nafasi lianguke peke yake. Boney M. wakauvika nguo za disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi mwaka 1991 katika albamu yake *Logozo*.

Katika sauti ya Makeba kuna jambo ambalo mwenye Kiswahili tu ndiye anayelisikia. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kinabeba suruali au kanga. Makeba hakukigeuza. Aliuacha wimbo useme kuoa, kama alivyosema Fadhili. Kwa hiyo msikilizaji wa New York alimsikia mwanamke akilia kwa ajili ya mapenzi yake. Msikilizaji wa Voi alimsikia mwanamke akisimulia kilio cha mwanamume, kana kwamba amekaa uani akielezea mahangaiko ya kaka yake. Wimbo mmoja, sauti moja, rekodi moja, na bado ni rekodi mbili, kwa sababu wasikilizaji ni wawili. Furtwängler na Gardiner walitofautiana kwa dakika 14. Hapa tofauti haina hata sekunde. Imo ndani ya sikio.

Chini ya kilima

Ukitaka kulifanya zoezi hili mwenyewe, huhitaji kabati la santuri. Chagua kipande kifupi, dakika mbili zinatosha. Kisikilize kutoka mkono wa kwanza, kisha wa pili, kisha rudi wa kwanza, kwa kuwa ni katika kurudi ndipo sikio hushtuka. Mara ya kwanza pima mwendo tu. Mara ya pili sikiliza mahali watu wanapovuta pumzi, na kama wanavuta pamoja. Mara ya tatu, fuata sauti ya chini kabisa mpaka mwisho hata kama wimbo unakuita juu.

Hili la mwisho ni la Mwalimu, na alinieleza kwa kunyoosha mkono kuelekea kilima. Watalii wachache wanaokuja Salaita kwa ajili ya historia, alisema, hupanda mpaka juu, wakapiga picha Kilimanjaro, wakashuka. Mahandaki huyapita wakati wa kupanda na tena wakati wa kushuka. Mizinga ya Malleson nayo ilikuwa na macho ya watalii: ilipiga kilele tangu asubuhi, na waliokuwa wakiamua vita walikuwa chini.

Akaniomba niuwashe tena Mtakatifu wa Muungano, sauti ikiwa ndogo. Nilikuwa nimeusikia mara sita siku hiyo. Mara hii sikumfuata mwimbaji kiongozi wala sauti za wanawake zilizomzunguka. Nilizama mpaka kwenye besi, kwa wanaume wale ambao hakuna anayewataja kwenye kasha, nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia hata mara moja: kabla kwaya haijajibu, wao huwa wamekwisha kuingia, kwa upole mno, kama mtu anayesogeza kiti ili mgeni apate mahali pa kukaa.

"Umewasikia?" Mwalimu akauliza.

"Nimewasikia."

"Basi hapo ndipo alipokuwa akifanya kazi yake," akasema, akaichukua chupa ya chai.